Udaktari wa mifugo ulianzia wapi, na unasomewa wapi?

Mkuu, umeuliza fani hii ilianza lini na wewe wa Mbagala utaisomea wapi. Chuo cha kwanza alikianzisha Claude Bourgelat huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1761. Sababu ni sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, uliokuwa unamaliza ng'ombe Ulaya. Sotoka hiyohiyo ilitufagilia mifugo huku miaka ya 1890, ikaja kutangazwa kutokomezwa duniani 2011. Kwetu Tanzania unasomea SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, miaka mitano, hivyo Dar utaiaga. Biolojia na kemia usizichezee. Na kama unawaza vimbwa vya Masaki tu, pole. Mimi mara ya kwanza kupima mimba, glovu hadi begani, mkono wote ndani, ng'ombe akanichapa usoni na mkia uliojaa kinyesi.