Kinundu cha wayo na mbavu zilizovunjika

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, miaka 44, niko Tanga. Huu mwaka wa nne nyonga, mbavu na visigino vinaniuma. Nikitaka kuinuka kitini najisukuma kwa mikono, na watoto wananicheka eti natembea kama bata. Kwanza niliambiwa baridi yabisi, baadaye mawazo. Mwaka jana eksirei ikaonyesha mbavu mbili zimevunjika, wala sikuanguka. Kalsiamu iko sawa. Vidonge vya vitamini D nimemeza hadi nimechoka. Nina kinundu chini ya wayo wa kulia, kama punje ya kunde, kinauma nikikanyaga cherehani. Kinahusika?

JIBU: Marahaba, mama. Huenda kinahusika, na umefanya vyema kukitaja. Wengi hukiacha nyumbani wakienda kwa daktari.

Kalsiamu umepimwa. Fosfeti je, madini mwenzake? Mfupa unazihitaji zote mbili ili ukaze. Upo uvimbe adimu, mara nyingi si saratani, unaomwaga homoni iitwayo FGF23. Homoni hiyo huzifanya figo zitupe fosfeti kwenye mkojo, tena huzuia vitamini D isigeuzwe kuwa ile inayofanya kazi mwilini. Unameza vidonge, mifupa inabaki laini.

Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Robert McCance, aliandika habari za msichana mwenye mifupa laini aliyepewa vitamini D kwa wingi asipone, mpaka alipotolewa uvimbe kwenye paja. McCance hakuushuku uvimbe wenyewe! Aliyeunganisha uvimbe na ulaini wa mifupa ni daktari Mswisi, Andrea Prader, mwaka 1959.

Basi omba upimwe fosfeti ya damu asubuhi kabla hujala, pamoja na ya mkojo. Ya damu ikiwa chini huku figo zinaitupa, uelekezwe kwa bingwa wa homoni. Hata wayo ukionekana hauna hatia, utafutaji uendelee: uvimbe huu hupenda kujificha hata puani na kwenye taya.

Usikubali kinundu kikwanguliwe juujuu zahanati. Kikibaki kipande, hurudi. Kikitolewa chote, na kama ndicho chenyewe, fosfeti hupanda ndani ya siku chache. Mifupa hukaza kwa miezi.

Majibu yakitoka, niandikie namba yenyewe na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. “Iko sawa” tumeisikia miaka minne.