Jibu: makabati ya juu jikoni yakae umbali gani kutoka kaunta?

Umeuliza kama umkubalie fundi anayetaka kuacha sentimita 60 kati ya kaunta na makabati ya juu, wakati anayepika kila siku ni mama yako mwenye urefu wa sm 155, na wewe una sm 180. Mimi ni seremala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni makabati ya jikoni. Ushauri wangu: usikubali. Mwambie ashushe hadi 50, na kama vyombo vyako vya umeme vinaruhusu, hata 46.

Hiyo 60 mara nyingi huwa haitokani na mpishi. Inatoka kwenye kigae cha sm 60 ambacho kikiingia kizima fundi hana haja ya kukikata, au fundi ameanza kupima kutoka darini kushuka chini ili kabati ligusane vizuri na dari. Kazi inapendeza machoni, lakini mpishi ndiye atakayeishi nayo.

Fanya hesabu uone. Kaunta nyingi zina urefu wa sm 90 kutoka sakafuni. Ukiacha 50, sakafu ya kabati inakuwa sm 140. Kabati la sm 72 lenye rafu mbili ndani litakuwa na rafu ya kwanza kwenye 163 hivi, na ya pili kwenye 187. Ukiacha 60, ongeza kumi kila mahali: 150, 173, 197. Sasa kumbuka kwamba mama hasimami akiwa amegusa ukuta. Kaunta yenye kina cha sm 60 iko tumboni mwake, kwa hiyo mkono unakwenda juu na mbele kwa pamoja, na urefu wa kufikia unapungua sana. Rafu ya 163 ataitumia kila siku bila shida. Ya 173 atafika ukingoni tu, na vya nyuma atavivuta kwa ncha za vidole. Sahani nzito zikishushwa kwa ncha za vidole kutoka juu ya kichwa, ni suala la muda tu zimwangukie. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu nalisisitiza jambo hili kwa kila mteja.

Wewe mrefu usiogope kugonga kichwa. Kabati la juu huwa na kina cha sm 30 hadi 35, karibu nusu ya kaunta, kwa hiyo ukiinama kukatakata, uso wako unabaki mbele yake. Kinachogonga watu vichwa ni mlango ulioachwa wazi. Dawa yake ni bawaba zinazofunguka hadi ukutani, au milango ya kunyanyuka, ingawa hiyo ya kunyanyuka simshauri mtu mfupi: ikishafunguka mpini unakwenda mbali naye.

Kabla ya kuamua, chukua boksi la karatasi ngumu lenye kina cha kabati, lichore mstari mahali rafu ya kwanza itakapokuwa, lishikilie ukutani kwa misumari midogo au gundi ya utepe, halafu mwite mama asimame akiwa na viatu anavyovaa jikoni. Aweke sahani kadhaa mkononi, ajaribu kufikia mstari wa rafu uliouchora. Sogeza juu na chini mpaka aseme hapo. Halafu weka blenda kwenye kaunta, uifungue kifuniko. Hapo ndipo utajua kama 46 inatosha. Birika la umeme nalo liangalie: mvuke wake ukipanda moja kwa moja kwenye sakafu ya kabati la chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi), ukingo unavimba na gundi inaachia. Lisogeze mbele unapochemsha.

Juu ya jiko hesabu ni nyingine kabisa. Kwa jiko la gesi, kabati la mbao lililo juu yake lisipungue sm 75 kutoka kwenye moto. Kama utaweka kifaa cha kuvuta moshi, soma kijitabu chake na ukifuate. Vingi vinataka kati ya 65 na 75. Hapa mpishi kuwa mfupi hakubadilishi kitu, na wala usimruhusu fundi akuambie kwamba ili mistari ilingane ni lazima kabati hilo nalo lishuke.

Jambo moja linaharibu vipimo vizuri kuliko yote: sakafu. Kama vigae vya chini bado, fundi akipima kutoka kwenye zege, vigae na gundi vitakuja kula sm 2, na kama kuna lipu ya kusawazisha ni zaidi. Kaunta itapanda, kabati litabaki palepale, na ile 50 itakuwa 48 au 45. Mwambie apime kutoka usawa wa sakafu iliyokamilika, atafute mahali palipoinuka zaidi kwa pima maji, aanzie hapo. Kisha achore mstari mmoja wa chini ya makabati kuzunguka ukuta mzima, apigilie ubao ulionyooka kwenye mstari huo, na makabati yakae juu ya ubao huo wakati anafunga skrubu. Ubao ukiwa ukutani, kabla ya kabati lolote kupanda, mwite mama tena aweke mkono.