Kabla hujachukua kadi ya chama

Mwaka 2014 nilitaka ujumbe wa serikali ya mtaa wetu, Buguruni. Sera yangu ilikuwa moja tu: mtaro. Kila masika maji meusi yalifika hadi kwenye jiko la mama muuza maandazi, jirani yangu. Pale ofisini nikaulizwa, "Wa chama gani, kaka?" Nikajibu, wa mtaro. Jamaa akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwetu Tanzania hakuna mgombea binafsi, asiye na chama. Hata ubunge, Katiba inataka udhaminiwe na chama, na ukikihama, kiti nacho kinakuponyoka. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania jambo hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, akashinda mwaka 2013, lakini mlango haujafunguliwa. Wenzetu Kenya wanasimama peke yao bila shida.

Basi nikachukua kadi, ya chama nisichokitaja, nikapewa na kofia. Watu kumi na mmoja wakaniahidi kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea. Nikapata nne, na moja ilikuwa yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu: usikimbilie kadi wakati wa uchaguzi. Hudhuria vikao vya tawi mapema, hata vile vya watu saba chini ya mwembe. Omba katiba ya chama uisome, hasa pale panapoeleza nani anateua na nani anaweza kukata jina. Unaweza kuongoza kura za maoni na vikao vya juu vikaamua vingine.

Wengi tunadhani ushindani unakuja kwa wingi wa vyama. Mwaka 1965, nchi ikiwa ya chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, chama hicho kimoja, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na waziri wa fedha Paul Bomani akaangushwa. Sisemi turudi huko. Kumpinga Rais mwenyewe ilikuwa ni kura ya hapana tu. Ila chama ambacho ndani yake hakuna anayeshindana na mwenzake, kiwe kimoja au viwe ishirini, kwako mpiga kura ni kilekile.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: kura yako ya ubunge haiishii jimboni. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Mgombea wako anaweza kushindwa na kura yako bado ikampeleka mtu Dodoma. Nani? Orodha inatoka kwenye chama. Tunarudi palepale tawini.

Mtaro ulichimbwa baadaye. Aliyeufuatilia ni yule mama wa maandazi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa mjumbe wa tawi, na ile siku ya kura za maoni alikuwa mstari wa mbele, ananitabasamia.