Maswali ya okidi: wekeni jembe chini

Maua ya okidi ya Kitulo, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huchanua lini?
Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Nalijibu hili kila mwaka, liandikeni mahali.

Nitaitambuaje okidi kati ya maua mengine ya porini?
Ina petali tatu, na moja haifanani na zile mbili: hiyo ndiyo mdomo, anapotua mdudu. Chavua yake haipeperuki kama unga. Imeshikana madonge, na mdudu akiondoka huwa imemganda kichwani. Ila Disa, jamii mojawapo ya okidi, itakuchezea shere: mdomo wake kwa kawaida ni mwembamba tu, na unachodhani ni petali kubwa ni sepali (kijani cha nje cha ua) ya juu iliyojikunja kama kofia, yenye mkia kwa nyuma. Satyrium, jamii nyingine ya okidi, ni rahisi, ina mikia miwili.

Okidi imeota juu ya mti wangu. Inaunyonya?
Haiunyonyi. Imefuata mwanga tu. Mizizi yake hufyonza mvua na umande kama sponji. Rudisha panga ndani.

Nikichimba kiazi kimoja cha okidi ya ardhini nikaacha mmea, si utaota tena?
Swali hili huja kwa upole, lakini naujua mwisho wake: gunia linaloelekea Tunduma, mpakani na Zambia. Chini ya shina mna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, nacho ndicho mmea wa mwakani. Mchimbaji huchukua kipi? Hicho kigumu, maana ndicho kinachotwangwa na kupikwa na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda huko Zambia. Ua analoliacha linachanua kwa mara ya mwisho. Wala usiniambie mbegu zitaziba pengo: tunda moja lina maelfu, laini kama vumbi, ila hazina akiba ya chakula. Zisipokutana na kuvu wanaozifaa, hazioti. Wazee walichimba pia, kweli, lakini walichimba za chungu, si za lori. Okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuzivusha mpaka bila kibali ni magendo. Na Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, humo huchimbi hata kimoja.

Nimenunua barabarani okidi ya njano yenye madoa kama ya chui. Nimeipunguza mizizi iliyosimama juu, sasa inakauka.
Hiyo ni Ansellia africana. Kama ilikuja na gome la mti kwenye mizizi, ujue imebanduliwa msituni, usinunue nyingine. Mizizi hiyo iliyosimama kama sindano ndiyo kapu lake la kudakia majani makavu, yakioza yanailisha. Ifunge kwenye gogo penye kivuli chepesi, usiizike udongoni, na mkasi uweke mbali.