Faini ya TRA inafutika, kodi yenyewe hapana

Mkuu unayeuliza toka Mtwara kama TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wanaweza kukufutia faini, inawezekana, ila kinachofutwa au kupunguzwa ni riba na faini tu, kodi yenyewe utailipa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, kifungu cha 70, inampa Kamishna Mkuu hayo mamlaka ukiwa na sababu ya msingi, we andika barua upeleke ofisi ya TRA hapo Mtwara na ushahidi wote. Mi nililazwa katikati ya msimu wa korosho ritani (taarifa ya kodi ya kupeleka TRA) ikapitiliza tarehe, nikabandika makaratasi ya hospitali mpaka risiti za dawa, wakanipunguzia. "Sikujua" peke yake haikusaidii. Na ule msamaha wa riba na faini wa asilimia 100 wa 2018 ambao wengine wanausema ulishapita, usiusubirie.