Kwa nini madaktari wanakwepa kutibu kwa video?

SWALI: Kituo chetu cha afya kilifungiwa kamera na intaneti ili madaktari bingwa wa mkoani wawaone wagonjwa wetu. Madaktari hawavigusi. Ni uvivu?
Msomaji, Singida

JIBU: Mara nyingi si uvivu. Tumbo linalouma sharti libonyezwe. Kwa kamera, kidole tumbo hupita bila kujulikana, na lawama humwangukia aliyeandika dawa. Tena maelezo yaleyale huandikwa mara mbili, kwenye faili na kwenye mfumo wa kompyuta, kwa muda usiolipwa. Hapo nani asikwepe?

Anzeni na yasiyohitaji video, hasa ngozi. Pigeni picha 3 za kumtumia bingwa, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi: ya mbali inayoonyesha kiungo, ya karibu, na ya ubavuni yenye rula. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri pichani, kwa hiyo andikeni kama pana joto au uvimbe, upele ulianza lini, na dawa zilizokwisha kupakwa. Msitumie WhatsApp ya mtu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Bingwa naye apangiwe zamu ya kuzitazama, mathalani Jumanne saa 8 hadi 10 mchana. Akiambiwa “ukipata nafasi”, hataipata.