Swali: Ujerumani itafikaje 2045 bila makaa wala nyuklia?

Msomaji anauliza: Mhandisi, Ujerumani walizima vinu vya mwisho vya nyuklia Aprili 2023, makaa ya mawe mwisho 2038, na sheria yao inataka ikifika 2045 wasiwe wanaongeza hewa ukaa angani. Sasa usiku wa baridi upepo umekata, umeme watautoa wapi?

Jibu: Ndugu yangu, nitafika huko, ila kuna kitu wengi wanakiruka. Umeme ni kama moja ya tano tu ya nishati inayotumika kule, kilichobaki zaidi ni joto la majumbani na viwandani na mafuta ya magari. Kwenye umeme wameshasogea, tangu 2023 zaidi ya nusu unatoka kwenye upepo, jua, maji na biomasi (mabaki ya mimea, kuni na samadi). Kazi ngumu iko huko kwingine.

Ndo maana mipango mingi ya watafiti inakomalia vifaa vya mtumiaji. Boila ya gesi, ule mtambo wa kupasha joto nyumba, inatoka inaingia pampu ya joto, ambayo haichomi kitu, inavuta joto lililopo nje hewani au ardhini, kwa hiyo uniti moja ya umeme inakupa kama tatu za joto. Gari la umeme nalo linakula kama theluthi ya nishati ya gari la petroli. Matokeo yake umeme unaohitajika unaweza kufika mara mbili ya sasa huku nishati ya nchi nzima ikishuka.

Sasa huo usiku wako. Betri ni za masaa, zinasogeza jua la mchana lifike jioni basi. Ikija wiki nzima ya mawingu bila upepo betri hazitoshi, hapo unahitaji umeme wa majirani, viwanda vipunguze mzigo, na mitambo ya gesi inayokaa tayari ambayo baadae itachoma haidrojeni, gesi iliyotengenezwa kutoka kwenye maji kwa umeme wa siku za upepo mwingi na kuhifadhiwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi. Ila ukigeuza umeme kuwa haidrojeni halafu umeme tena unabaki na theluthi hivi, so mimi siungi mkono kabisa kuichoma kwenye boila za nyumbani, iachwe kwa viwanda vya chuma, kemikali na hizo wiki ngumu.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni gridi. Upepo uko kaskazini, viwanda vingi viko kusini, na laini ya umeme ya SuedLink ya kuunganisha pande hizo, karibu kilomita 700, ilibidi ipangwe upya ipite chini ya ardhi baada ya wananchi kukataa nguzo, miaka ikapotea hapo. Paneli za jua unafunga kwa siku chache, laini kama hiyo haiendi hivyo.